Vichwa vya Mkurugenzi

Kichwa cha pili cha Mkurugenzi wa hospitali kilichomoza Jumanne, saa ya chai, juu ya bega la kushoto, kikiwa kimeshanyolewa. Katibu muhtasi akaongeza kikombe. Fundi cherehani akaitwa kupanua kola, na kazi zikaendelea.

Dada wa tovuti, kama walivyozoea kumwita, alijua kilikotoka. Asubuhi ile alikuwa ameamriwa aongeze kichwa kikuu cha pili kwenye ukurasa wa hospitali, "Salamu za Mkurugenzi", chini ya kile cha kwanza kilichobeba jina la bwana mkubwa mwenyewe.

"Mzee, ukurasa una kichwa kikuu kimoja," alijaribu tena. "Huduma ndizo zipewe vichwa vidogo. Asiyeona husomewa na simu, naye huruka kichwa hadi kichwa mpaka afike anakotaka."

"Huduma zikoleze wino tu, zitaonekana," kilisema kichwa cha kwanza. Cha pili kikatikisika kukubali.

Mwenye nguvu mpishe. Akakoleza wino, ambao simu haiuhesabu kuwa kichwa, moyo ukimsuta, maana kaka yake haoni.

Alhamisi aliitwa kikaoni, na kompyuta yake, kupitisha kichwa cha tatu: "Maono ya Mkurugenzi". Simu ziliachwa nje kwenye kikapu. Huko nyumbani, mama yao akabanwa na kifua. Kaka alimpigia dada yake, akapiga tena, kisha akafungua ukurasa wa hospitali kutafuta namba ya gari la wagonjwa. Simu ikamsomea jina la Mkurugenzi. Akaruka, akakuta salamu. Akaruka tena, akakuta maono, ambayo yalikuwa yamepachikwa dakika hiyo hiyo. Hapo vichwa vikaisha.

"Mama, subiri kidogo," alisema.

Mama alisubiri kadiri alivyoweza.

Msibani Mkurugenzi aliingia kiubavuubavu kwa sababu ya mlango. Vichwa vyote vitatu vilitoa pole kwa pamoja, na cha katikati kililia machozi ya kweli.

"Niliitafuta ile namba, dada," kaka alinong'ona. "Kila nikiruka, nakutana na yeye."

Dada alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, kwa kuwa ilikuwa sakafu ya saruji.

Jumatatu alikuta agizo mezani: "Rambirambi za Mkurugenzi kwa Familia", kichwa kikuu. Akakiandika, akakirusha hewani. Namba ya gari la wagonjwa ikashuka chini zaidi, na wino wake uliokolezwa. Nje ya mlango fundi cherehani alikuwa ameshafika, amekaa anasubiri, futi shingoni.