Kadi Isiyofanya Kazi Jumamosi

Jumapili asubuhi nilipigiwa simu na binti wa benki.

"Bibi Verna, jana saa nne asubuhi ulinunua televisheni mbili huko Florida?"

"Florida gani? Mimi niko Michigan, na jana nilikuwa kanisani. Sisi Wasabato Jumamosi hatununui hata chumvi."

"Ndiyo maana tuliifunga kadi pale pale. Miaka ishirini na mbili haijawahi kutumika Jumamosi kabla jua halijazama."

Kabla ya simu hiyo, benki sikuwahi kumwambia mtu dini yangu.

Mume wangu Harlan, ambaye kila Jumamosi mgongo humuuma hata asiweze kuja kanisani, alikuwa ameinamia bakuli lake la uji.

"Harlan," nikamwambia, "kumbe hata kadi yako wanajua Jumamosi huwa iko wapi."