Kahawa ya Suluhu

"Kahawa yao itapoa mpaka iote ukungu!" Fawwaz alijigamba mbele ya majirani, akipanga mito. "Hata waje na kabila zima. Mimi si mtu wa kutishwa na majoho."

Majoho yakaja. Mashekhe kwa wabunge wakajaa chini ya hema walilolikodi wenyewe, mbele ya kinyumba chake kisichopigwa lipu, ukingoni mwa mji wa Mafraq. Viti vyao, mazulia yao. Kahawa tu ndiyo ilikuwa ya mwenyeji. Kahawa, na marehemu.

Marehemu ni Sanad, mwanawe wa miaka minane. Yazan, mpwa wa mmoja wa wabunge hao, alikuwa kwenye msafara wa harusi: kiwiliwili nje ya dirisha, mkono mmoja kwenye usukani, kwa mwingine akijipiga video, gari akilizungusha mpaka tairi zinalia. Gari likapanda njia ya miguu. Khitam, mama wa mtoto, akabaki na mguu uliotiwa vyuma.

Shekhe Barjas, msemaji wa wageni, alipokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja. Ndiyo desturi: hanywi mtu mpaka mfiwa atoe alichoombwa. Hema zima likakikodolea macho kile kikombe kama kuku anayetaka kutaga.

"Abu Sanad," shekhe alimwambia Fawwaz, sauti imepakwa asali, "Yazan ni mwanao. Ukimsamehe, hakimu atampunguzia kifungo. Sheria yenyewe inakungoja wewe."

"Na leseni yake?"

"Leseni!" Mbunge alicheka. "Watamnyima miezi michache, kisha watamrudishia. Au unataka kijana asitembee?"

"Sanad naye hatembei."

Kicheko kikakatika. Ami Nahar, ndugu wa baba yake, akamfinya Fawwaz paja.

"Wewe, usinivunjie heshima," akanong'ona. "Hapa ulipojenga ni kwangu. Kama umeota ndevu peke yako leo, kesho kajenge jangwani."

Fawwaz aliinua macho. Majirani aliowatambia walikuwa wanachunguza viatu vyao.

"Nimesamehe," akasema.

Watu wakamshukuru Mungu kwa sauti. Kikombe hakikuinuka.

"Bado kijineno," shekhe alisema. "Ukimsamehe tu, kijana bado ataitwa mzembe. Sema hapa, watu wasikie, ukaseme vivyo hivyo mahakamani: mtoto aliruka barabarani."

"Lakini, shekhe..."

"Fawwaz," Ami Nahar aliita. Jina tu, basi.

"Aliruka barabarani." Kisha, kwa kuwa mwongo mwoga huzidisha chumvi, akaongeza: "Nilimwona kwa macho yangu haya. Nilimwita, hakusikia."

Shekhe Barjas akanywa kahawa kwa funda moja. Watu wakakumbatiana. Mbunge akambusu Fawwaz begani.

"Ulimwona wapi, Abu Sanad?"

Khitam alikuwa mlangoni, ameegemea magongo, jasho linamtoka.

"Wewe ulikuwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Tulikuwa juu ya njia ya miguu, mkono wake nimeushika. Aliruka vipi, na mkono nimeushika?"

Mbunge akakohoa.

"Mama ana uchungu," alisema taratibu. "Mwingizeni ndani, apumzike."

Wa kwanza kuinuka kumwingiza ndani alikuwa Fawwaz.