Yule Aliyepiga Magoti Si Mimi

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya wazee pale Hässelby, huko ughaibuni, mwaka 1971, nilimpelekea kahawa Bibi Ragnhild Ekeroth, nikapiga magoti kumwamkia. Kwetu Bukoba ndivyo mtoto wa kike anavyofunzwa. Nusura anirushie kikombe.

"Simama, Dafrosa!" alifoka, jina akilisoma kifuani pangu. "Miaka hamsini nasingiziwa magoti. Humu chumbani sitaki kuyaona."

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nikadhani uzee umemchezea. Kumbe alikuwa na akili timamu kuliko msimamizi wetu. Enzi za filamu zisizo na sauti, Bibi Ragnhild alicheza kumi na moja, na barabarani watu walimtambua kwa mwendo tu. Katika ile ya mwisho, ya mwaka 1921, alikuwa mke anayemtoroka mume mkatili. Mwongozaji akataka mwishoni mke arudi, apige magoti, aombe radhi. Bibi Ragnhild akakataa katakata. Wakamfukuza, wakamvisha mshonaji wao wa kike gauni la bibi, wakampiga picha kwa nyuma akiwa amepiga magoti. Hakuna aliyempa kazi ya filamu tena. Akauza kofia dukani mpaka akastaafu, na nchi nzima ikiamini kwamba alipiga magoti.

Basi Oktoba ikaja barua: filamu ile ingeonyeshwa mjini, naye awe mgeni wa heshima. Akapiga simu mara tatu kuwaeleza ukweli. Mara zote mwandaaji, bwana mmoja Lindmark, alimjibu kama anayebembeleza mtoto: kumbukumbu za zamani huchanganyika, na mwisho ule ndio unaopendwa na watu.

"Nitakwenda," aliniambia. "Na wewe utanisindikiza."

Msimamizi alinionya mlangoni: bibi akizua fujo yoyote, mafunzo yangu yameishia hapo. Niliogopa, sijitii ushujaa. Baba alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba bintiye atarudi muuguzi.

Ukumbi ulijaa. Lindmark alimmwagia bibi sifa, akamkalisha mstari wa mbele, asimpe nafasi ya kusema hata neno. Taa zikazimwa, piano ikaanza. Nilimtazama yule binti kwenye skrini, kidevu juu, akilifungua lango la mumewe kwa teke, nikampenda papo hapo.

Kisha likaja gauni lile kwa nyuma, likishuka taratibu hadi sakafuni. Nyuma yetu mama mmoja akaanza kulia kwa huruma. Bibi Ragnhild akainuka, akapanda ngazi za jukwaa moja moja, akasimama katikati ya mwanga. Kivuli chake kikamfunika mwanamke yule mzima mzima.

"Yule si mimi!" aliwaambia. "Mimi nilikataa. Ndiyo maana hamkuniona tena."

Piano ikanyamaza. Wengine wakazomea, mmoja akapiga makofi. Lindmark akanijia mbio.

"Muuguzi, mshushe! Sasa hivi!"

Nilipanda. Kwa karibu niliona miguu ya bibi inavyotetemeka. Miaka sabini na tisa si mchezo. Nilimkumbuka msimamizi, nikamkumbuka baba, lakini hasira ya kuona bibi anashushwa tena ikanipanda hadi utosini.

"Hashuki mpaka picha iishe," nilimwambia Lindmark, nikampitishia bibi mkono kiunoni asianguke.