Usukani wa Mama Vumbi

Asubuhi hiyo fundi viatu alitoka ndani amevaa ndala zisizofanana, moja nyeusi, moja ya kahawia, na hakuwa na habari mpaka mumewe alipoangua kicheko mlangoni.

"Na huyu ndiye tunayempelekea viatu!"

Mwanamke hakumjali. Roho ilikuwa juu juu. Mikononi alibeba usukani aliouviringisha kwenye shuka, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuurudisha kwenye gari la mama mkwe wake.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, la viti viwili tu, fupi kiasi kwamba kuliingia ni sawa na kuketi sakafuni. Mama mkwe alilishindia mbio enzi za usichana wake, na kwa kuwa waliomfuata nyuma walikula vumbi lake, jina likamganda: Mama Vumbi. Sasa alikuwa amekula chumvi nyingi, ingawa ulimi haukupungua makali. Mwaka huu alilifunika gari turubai, akatangaza kwamba vidole vimekakamaa na ule usukani mwembamba wa mbao haushikiki tena, na mbao yenyewe imepasuka.

"Gari si pambo la uani," alisema. "Likinishinda, aende nalo mwenye mikono."

Na mwenye mikono alikwisha kupatikana. Muuza matairi wa barabara ya pili alikuwa aje kesho kulichukua.

Fundi viatu hakukubali. Tangu aolewe alilitamani gari lile kimoyomoyo, na hakuwahi kuketi ndani yake hata mara moja. Kiti cha pili kilikuwa cha mumewe, mwana wa pekee, na mwana wa pekee habanduki kitini. Halafu alimpenda yule mama, na ukali wake wote. Kumwona akipita karibu na turubai huku akitazama pembeni kulimuuma. Akaomba apewe usukani.

"Unataka kuutia soli?" Mama Vumbi aliuliza. Lakini alimpa.

Fundi akaziba nyufa kwa gundi na vumbi la mbao, akapiga msasa. Kisha akafanya kama anavyomfanyia mteja yeyote. Aliyemfundisha kazi alimwachia kanuni moja: usimpime mtu aliyejikaza, maana mwili uliojikaza hudanganya. Basi akamketisha mama mkwe jikoni, akaulaza usukani mezani, akauzungushia donge la unga uliokandwa.

"Fumba macho, Mama. Shika panapokujia."

Mama Vumbi akashika, na vidole vikaacha alama kwenye unga. Fundi akazifuata alama hizo kwa ngozi, tabaka juu ya tabaka, nene panapojaa kiganja, nyembamba panapopita kidole. Akashona kwa uzi wa nta mpaka ncha za vidole vyake mwenyewe zikachubuka. Hakuwahi kushona kitu kizuri kama kile, naye alijua.

Sasa, katika banda la gari, mumewe akaupachika usukani, akakaza nati, akarudisha kitufe cha honi chenye nembo ya farasi, ambacho huingia kwa namna moja tu. Akarudi nyuma kidogo autazame. Tabasamu likamfifia usoni.

"Mke wangu, mbona vishikio vya ngozi viko chini?"

Fundi akatazama. Kweli. Katika picha zote za mbio zilizotundikwa ukutani pale bandani Mama Vumbi ameshika usukani juu, kulia na kushoto, viwiko nje kama mabawa ya jogoo. Pale mezani mikono yake ilikuwa imeangukia upande wa tumboni. Naye, fundi mzima, alipima usukani kana kwamba anapima kandambili. Wala hakukumbuka kwamba meza si gari!

"Nitaufungua," mume alisema haraka. "Nitaugeuza, vishikio vije juu. Farasi atasimama kichwa chini, lakini..."

"Farasi wangu apinduke?" Mama Vumbi alidakia kutoka mlangoni. "Bora niendeshe beseni. Nipisheni."

"Nisamehe, Mama," fundi alisema. "Nimeharibu."

Mama Vumbi aliingia garini kwa kuguna, akaweka mikono. Ikaingia kwenye ngozi kama mguu unavyoingia kwenye kiatu ulichokizoea. Viwiko vikatua mapajani. Akazungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Nani alikwambia?"

"Alinambia nini, Mama?"

"Habari ya mabega." Mama Vumbi aliutazama usukani, si wao. "Vidole vyangu havijambo. Ni mabega ndiyo hayapandi. Hata kuanika nguo napanda stuli."

"Mama!" mwanawe alishangaa. "Si ungeniambia?"

"Nikisema vidole, unaniletea mafuta ya kuchua. Nikisema mikono haiinuki, unaninyang'anya ufunguo."

Mama Vumbi akawasha gari. Mngurumo ukajaa bandani, makopo ya rangi yakacheza rafuni, na fundi viatu akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja kwa furaha. Mumewe alikwisha kuzunguka mbio, amejitupa kwenye kiti chake.

"Shuka," mama yake alimwambia.

"Mimi?"

"Gari lina viti viwili, na hicho ulichokikalia ni cha fundi wangu."

Akashuka. Fundi akaingia na ndala zake mbili zisizofanana, moyo ukimdunda kuliko injini.

"Na muuza matairi akija kesho?" mume aliuliza.

"Mwambie aje na manne mapya," alisema Mama Vumbi, akaingiza gia.

Gari likachomoka, na mwana wa pekee akabaki getini, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akila vumbi la mama yake.