Samaki wa Marehemu Mzee Seifu

Usijitie hujui. Jana ulipita pale nyuma ya Msimbazi, ukaona mafundi wanaizungushia mabati nyumba ya marehemu mzee Seifu, ukainamia simu yako kama vile amekupigia mkweo. Ndani alikuwamo Sitara, binti wa marehemu, mikono imelowa hadi viwikoni, anahamisha samaki.

Warithi wenzake walikuwa wameshauza. Linakuja ghorofa la maduka, kama la jirani, kama la jirani yake. Sitara alikubali kwenda kupanga chumba Mchikichini. Kilichomshinda ni tangi la kioo la baba yake, refu kama kitanda, lisiloenea hata mlangoni mwa chumba hicho.

Mle wanaishi mbuna, samaki wa majabali wa Ziwa Nyasa, wazuri kama kanga mpya na wagomvi kama wapangaji wa choo kimoja. Kila dume ana pango lake. Ukiwabana kwenye tangi dogo, wanauana.

Mzee Seifu aliwaleta enzi zake za kazi ya melini kule Kyela. Nani leo anakumbuka? Siku hizo, baada ya alasiri ukumbi wake unajaa, kahawa inazunguka, kashata zinavunjwa, na watu wazima wanashangilia samaki.

"Wa njano huyo, Yanga damu!"

"Yanga gani, si kakimbizwa na jike!"

Sitara mdogo yuko sakafuni, anasikiliza mashine ya hewa ikinong'ona majini, anaamini mtaa mzima ni ndugu zake. Wako wapi ndugu hao?

Aliyesimama ni mmoja tu, Leodegar, Mchaga tunayemwita Mangi, mwenye duka la vyombo, ambaye siku aliyohamia mtaani, kijana asiyejua mtu, mzee Seifu alimwita kwenye kahawa. Naye ana tangi lake dukani.

"Lete hao wakorofi, dada Sitara. Nafasi ipo."

"Mangi, wako watawapokea wangu?"

"Mbona mimi mlinipokea?"

Wakamimina wachache. Hata chungwa hujamaliza kumenya, dume la Leodegar limeshamchana mgeni mapezi. Mgeni anakimbilia shimo hili, anafukuzwa, lile, anafukuzwa. Kila shimo lina mwenyewe.

"Mangi! Mawe umeyaacha vilevile?"

"Nimeyapanga vizuri kabisa, kwa heshima ya wageni!"

"Heshima gani hiyo? Akija mgeni, unavuruga yote!"

Sitara akazamisha mkono, akayaangusha majabali. Maji yakawa uji. Yalipotulia, hakuna samaki aliyejua kwake ni wapi. Wenyeji na wageni wakaanza kutafutatafuta mapango upya, na yule dume mkali akapita karibu na mgeni wake bila hata kumtazama.

Sitara akacheka, kisha akalia, kwa maana alimsikia baba yake wazi: "Sasa wote wageni, mwanangu. Waanze pamoja."

"Nikuletee na waliobaki?"

Leodegar akatazama tangi, akatikisa kichwa. "Limejaa, dada. Tukizidisha, tumewaua."

Basi waliobaki wangali mle ndani. Kesho asubuhi umeme unakatwa, mashine ya hewa inazima, halafu kijiko kinaingia kubomoa. Wewe uliyekunywa kahawa ya mzee Seifu, ukajenga Tabata, una sebule inayolala tupu: tafuta vijana wanne na kigari cha mizigo, kirikuu, mje mlibebe tangi zima. Huna sebule? Njoo na ndoo, usaidie kuhamisha maji na samaki. Sitara yuko mlangoni. Weka simu chini, inuka, njoo leo.