Toledo Mbili

Dada yangu Cherotich akipanga jambo, hata Mungu anaulizwa baadaye. Yeye yuko Louisville, ndugu yetu Timothy yuko Buffalo, mimi niko huku Columbus, jimbo la Ohio, upande wa Reynoldsburg. Tangu Januari alikuwa ametuingiza kwenye grupu la WhatsApp aliloliita Spain na Watoto. Madrid, Toledo, Seville, Barcelona, wiki mbili za Julai. Treni, hoteli, mpaka siku ya aiskrimu ilikuwa na tarehe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuweka dole gumba.

Ukweli ni kwamba singeweza kwenda popote. Nilikuja kusoma, baba ya watoto akatuacha, karo ikanishinda, viza ikaisha. Wakili aliniambia wazi: ukitoka Marekani, kurudi sahau. Watoto wangu, Jerop na Kigen, wamezaliwa hapa na wana pasipoti zao za bluu za Marekani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Cherotich angenihubiria, Timothy angenihurumia, na huruma ya Timothy hukwama kooni kama ugali mkavu.

Basi nikadanganya. Nikasema nyumba ya wazee ninakofanya kazi haijanipa likizo. Cherotich akajitolea kuongea na bosi wangu. Nikasema pasipoti yangu ya Kenya imekwisha, iko ubalozini. Akasema ana rafiki ubalozini. Jamani! Kila mlango niliojificha nyuma yake, aliufungua kwa upendo. Nilikuwa nimebanwa, na Kigen anazunguka nyumba nzima akisema gracias, asante ya Kihispania, hata kwa friji.

Jumapili moja tulipofika nyumbani kutoka kanisani, Cherotich akapiga simu ya video. Anakata tiketi leo, anataka nambari za pasipoti, zote.

Jerop ana miaka kumi na miwili. Alininyang'anya simu, akamwambia Auntie wake kwa Kiingereza chake cha puani kwamba sisi hatuji, tuna Spain yetu. Akaleta karatasi ya daftari, akaiweka mbele ya kamera. Toledo, saa mbili na nusu kwa gari. Seville. Cadiz. Zote ziko Ohio. Chini alikuwa ameandika kwamba pasipoti haihitajiki.

Nikamtazama. Kumbe alijua. Baadaye aliniambia alikuwa ameiona barua ya wakili miaka miwili nyuma, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinifichia. Hasira ilinipanda mpaka kichwani, na haikuwa juu yake, ilikuwa juu yangu. Mtoto ana pasipoti ndani ya kabati, na mimi nimemfungia humu ndani pamoja nami.

Nikaichukua simu. "Cherotich, mimi sina karatasi," nikasema. "Mwaka wa saba huu. Chukua watoto, waende."

Dada yangu, kwa sababu ni Cherotich, akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi nimezaa wawili, aandike nambari zao. Baadaye Timothy alinipigia akilia, nilijua tu. Kwa siku tatu Jerop alikataa kwenda, hakunisemesha, na siku ya nne nikampakia sanduku mwenyewe.

Julai nyumba ilikuwa kimya hadi mngurumo wa friji nikauchukia. Alhamisi ambayo ratiba ya Cherotich ilisema Toledo, niliomba ruhusa kazini, safari hii kwa kweli, na nikapewa bila swali. Nikaitoa ile karatasi ya daftari, nikaingia barabarani.

Simu ililia nikiwa nimeegesha gari kando ya mto.

"Mum, uko wapi?" Jerop aliuliza, kwa Kiswahili, ambacho hukitumia tu akitaka kitu sana.

"Niko Toledo," nikasema.

Hakucheka. Aligeuza simu anionyeshe kuta za mawe na Kigen akila, na mimi nikageuza yangu nimwonyeshe mto.