Kunde za Watu Waliopokea

Mwezi wa tatu mwaka wa 1993, siku redio ilipotangaza kwamba shilingi imeshuka tena, Mutindi alikuwa uani akipepeta kunde, ungo wa kumi na nne tangu asubuhi. Mama mkwe wake, Kalunde, aliyekuwa kigodani akichambua mawe, aliuliza shilingi imeshuka ikielekea wapi. Hakuna aliyejua. Unga ulikuwa umepanda, sukari imejificha, na mwenye duka pale Zombe alikuwa ameanza kupima chumvi huku akiwatazama wateja kama wezi.

Mutindi hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameuza fahali na mbuzi watatu, na pesa zote akazigeuza magunia manane ya kunde kabla hazijapoa mkononi. Mumewe, Mutunga, alipouliza kama wasingebakisha kidogo posta, alimjibu kwamba pesa haipikwi. Njaa ya mwaka wa themanini na nne Wakamba waliiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika: mtu alikufa na noti mkononi, dukani hamna kitu.

Ndiyo njaa iliyomchukua Mumbua, kitinda mimba wake, akiwa na miaka miwili. Mahindi ya msaada yalikuja, lakini siku ya kuandikisha Mutindi alifika saa tano badala ya saa mbili kwa sababu mtoto alikuwa anaharisha, na baadaye akaambiwa jina lake halimo. Tangu hapo hakuwahi kuchelewa popote. Kanisani alifika kabla ya mwenye ufunguo. Na bado moyoni alijua, jinsi mtu anavyojua jina lake, kwamba alimuua mwanawe kwa saa tatu.

Sasa kunde bila majivu ni karamu ya fukusi, na majivu ya meko yake hayakutosha hata gunia moja. Majirani nao walikuwa wakihifadhi, hawakuwa na ya kugawa. Lakini nyuma ya ofisi ya naibu chifu palikuwa na shimo lililojaa majivu laini kama unga wa muhogo, maana karani alikuwa ametoka kuchoma makaratasi ya zamani. Mutindi akaomba, akapewa madebe sita ya kuchanganya na kunde zake, na karani akamshukuru kwa kumsafishia shimo.

"Majivu ya chakula ni ya meko unayoyajua," Kalunde alisema. "Haya yamepika nini?"

"Yamepika karatasi, Mwaitu. Karatasi haina ladha," Mutindi alimjibu mama mkwe.

Kalunde akarudia kuchambua mawe, akiyatupa kwa mlio uliosikika hadi kwa jirani.

Mwezi wa tano, duka la Zombe lilipobaki na viberiti na kalamu, Mutindi alifungua gunia la kwanza. Hakukuwa na fukusi hata mmoja. Akateleka sufuria saa mbili asubuhi. Saa tisa alasiri kunde zilikuwa bado zikigongana kama kokoto, na kuni zimekwisha. Muthoki, binti yake wa darasa la nane, akaopoa moja akaitazama kwenye mwanga. Kando ya lile jicho jeusi la kunde palikuwa na maandishi madogo ya taipureta.

"Mwangangi wa Nzuki, watu saba, amepokea," akasoma.

Chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba chenye kovu katikati. Kidole hicho kila mtu alikijua. Kilikuwa cha Mbuvi, naibu chifu, aliyejikata na panga akichonga mpini wa jembe.

"Taipu nzuri," Mutunga alisema. "Herufi hazikuruka."

Muthoki akatumwa kumwita Mwangangi, jirani wa ng'ambo ya mto. Alipoingia tu langoni, kunde zikaiva, hata kabla hajavua kofia. Akasomewa. Akafikiri kidogo.

"Mimi sikupokea," akasema. "Mwaka ule tulichemsha ngozi ya kitanda."

Kisha akala sahani tatu, akawaambia na wenyeji, karibuni. Walipokaribishwa, wakala vizuri. Mbula, mdogo wake Muthoki, alikuwa ametangulia kuonja bila kukaribishwa, akarudisha kokoto kwenye kiganja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walikuwa hawatanii, kumbe, walikuwa wanatoa mapishi.

Tangu siku hiyo Muthoki alisoma kunde na kutenga bakuli la jina moja kila asubuhi kabla ya shule, akaenda kumwita mwenyewe. Wengine walikuja na familia nzima, wamevaa nguo za Jumapili. Aliyeshiba, Mutindi alimjazia kyondo kunde za jina lake apeleke nyumbani, kwa kuwa zilikuwa zake, mtu atafanyaje. Na Ukambani kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu, hata njaa ikikaza vipi. Vyondo vikarudi na asali, mihogo mikavu, mbaazi, jogoo mmoja mwenye matusi. Sukari ilipotoweka kabisa sokoni, kwa Mutindi chai ilinywewa na asali, na Kalunde alinenepa mpaka kigoda kikalalamika. Shilingi iliendelea kushuka. Uani mwao watu walicheka hadi jua linazama.

Mutindi pekee hakucheka sana. Kila Muthoki alipoinua kunde kwenye mwanga, yeye aligeuka akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Alijua jina lake halimo. Alichelewa. Alikuwa amehifadhi chakula cha kata nzima, na nyumba yake ikawa inakula kwa kukaribishwa. Gunia la nane lilipofunguliwa, alianza kuogopa siku ambayo kungebaki kokoto zisizo na wa kuzikaribia.

Mwezi wa nane, Jumatatu, Muthoki alisoma moja, akaisoma tena.

"Mutindi wa Mutunga," akasema. "Watu sita. Amepokea."

Mutindi akaketi juu ya kinu.

"Nilikuwa nimeandikwa," akasema.

"Uliandikwa," Kalunde akamwambia. "Hukuchelewa, mwanangu. Hukuchelewa hata kidogo."

Akalia mpaka akamaliza, kisha akacheka, kwa sababu mzigo wa miaka tisa ukitua ghafla mabega hayajui yafanye nini. Akateleka. Maji hayakuwahi hata kutokota vizuri, kunde zikaiva. Wenye nyumba walikuwa watano, naye akapakua sahani sita. Walipokusanya vyombo, ya sita ilikuwa imeliwa kuanzia ukingoni kwenda katikati, jinsi Mumbua alivyokuwa akila, na punje tatu zimedondoka chini. Mbula akawafukuza kuku wasizidonoe.

Walikuwa bado wamekaa pale Mbuvi alipofika na pikipiki. Mwezi uliopita alikuwa amepandishwa cheo, sasa ni chifu kamili. Kalunde, ambaye hakuwahi kumwacha mgeni akae mikono mitupu, alimpakulia. Siku hiyo mwenye kunde alikuwa Mutindi. Neno lilikuwa moja tu, karibu, na lilikuwa mdomoni mwake. Akaliweka hapohapo.

Chifu akatafuna. Kokoto zikalia katika meno yake mpaka kuku wakainua vichwa. Alikuwa mtu wa adabu, akamaliza sahani yote, akasifu upishi, akampongeza Mama Muthoki kwa kuiandaa nyumba yake vyema wakati uchumi wa nchi unayumba. Kwenye ripoti yake, akasema, angeandika kwamba kata hii iko imara.

"Hata hivyo mahindi ya msaada yanakuja," akaongeza, akijipapasa taya. "Tunaandikisha Ijumaa saa mbili. Safari hii, mama, usichelewe."

"Sitachelewa, Chifu," Mutindi akasema.

Ijumaa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kabla ofisi haijafunguliwa. Nyuma yake alisimama Mwangangi, na nyuma ya Mwangangi kata nzima, wameshiba, wakitaniana. Karani akaweka karatasi mpya kwenye taipureta, akamwuliza jina, akapiga. Akamwuliza nyumbani kuna watu wangapi.

"Sita," akasema Mutindi.

Karani akapiga sita. Pembeni yake, Chifu Mbuvi akavuta kidau cha wino, akachovya kidole gumba chake chenye kovu, ingawa mahindi yalikuwa hayajafika.